Bei ya Dhana: Soko la Utabiri na Mechi ya Burundi na Gabon

Tarehe 23 Machi 2019, Intamba mu Rugamba, timu ya taifa ya Burundi, walipoikabili Gabon ya mshambuliaji Pierre-Emerick Aubameyang hapa Bujumbura, katika uwanja wa Mwanamfalme Louis Rwagasore ambao leo unaitwa Intwari, watu waliuliza maswali mawili kana kwamba ni moja: nani atashinda, na nani atakwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika? Burundi ilikuwa na pointi 9 na Gabon 7, hata sare ikawatosha wenyeji. Na sare ndiyo iliyopatikana, 1-1, Cédric Amissi akitangulia kufunga kabla timu yetu haijajifunga yenyewe. Tulifuzu pasipo kushinda.

Laiti mechi ile ingalifunguliwa soko la utabiri, tofauti hiyo ndiyo ingalikuwa roho ya biashara yote. Katika soko la namna hii hapana kampuni inayopanga odi, yaani viwango vya malipo. Watu huuziana hati wao kwa wao, na kila hati hulipa, tuseme, faranga 1000 iwapo jambo lililotajwa ndani yake litatukia, na lisipotukia hailipi kitu. Hati inayouzwa kwa 250 yaonyesha kuwa wauzaji na wanunuzi, kwa jumla ya dhana zao, wanalikadiria jambo hilo kuwa na nafasi moja katika nne.

Natupige hesabu ya mfano. Ushindi wa Burundi uwe 250, sare 300, na ushindi wa Gabon 450. Maadamu Burundi ingefuzu ama kwa ushindi ama kwa sare, hati ya kufuzu kwake yapasa kuwa 550. Basi ikiwa wauzaji, kwa haiba ya jina la Aubameyang, wanaitoa kwa 480, mtu makini ataichukua hiyo pamoja na ile ya ushindi wa Gabon, atatoa 930, na mechi iishe iishavyo atapokea 1000. Tamaa ya zile faranga 70 huwavuta wanunuzi, nao huipandisha bei hata ikakaa mahali pake bila ya amri ya mtu yeyote, jambo ambalo hunistaajabisha kila nilifikiripo.

Kampuni ya kubashiri hufanya vingine: odi za 2.00, 3.20 na 4.00, zikigeuzwa kuwa asilimia, jumla yake ni 106.25, na ile ziada juu ya mia ndicho chanzo cha pato lake, ambalo katika mkeka, yaani dau moja la mechi nyingi, hurundikana mechi baada ya mechi.

Hata hivyo soko la utabiri, ambalo Chuo Kikuu cha Iowa kililijaribu kwa uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 1988, lina busara kwa kadiri ya wingi na maarifa ya waliomo. Mechi ya Burundi aghalabu haina wanunuzi wengi ng'ambo. Tajiri mmoja asiyeijua timu aweza kuipotosha bei kwa fedha zake, na shabiki wa Buyenzi hapa Bujumbura, ajuaye nani anachechemea mazoezini, hawezi kuisahihisha ikiwa hana akaunti wala fedha za kigeni.

Wala bei ndogo si hukumu. Kule Misri, Burundi ilifungwa mechi zote tatu bila kupata bao, ilhali Madagascar, mgeni wa mashindano kama sisi na katika kundi lile lile, iliifunga Nigeria 2-0 ikaongoza kundi. Mtu aliyeipa Madagascar nafasi moja katika kumi siku ile hathibitiki kuwa alikosea. Atakaye kumhukumu hana budi akusanye mechi nyingi ambazo hati zake ziliuzwa kwa 100, kisha atazame kama karibu moja katika kila kumi ililipa.