Mwanafunzi Asifukuzwe Bila Kusikilizwa: Haki, Huduma na Nidhamu Katika Vyuo vya Ufundi vya Kaunti

Tuchukue mfano. Jumatatu asubuhi, drili ya umeme haionekani katika karakana ya useremala. Wanafunzi watatu ndio waliofunga karakana Ijumaa jioni. Kufikia saa nne wameambiwa waende nyumbani, na wasirudi bila mzazi na bila pesa za kununua drili nyingine. Hawakupewa barua wala kuulizwa swali. Mzazi wa mmoja wao hufanya vibarua na hawezi kuacha kazi ya siku. Wa mwingine hana nauli. Wiki tatu zinapita, na wakati huo huo chuo kinafunga orodha ya watahiniwa. Ambaye hakusajiliwa hatafanya mtihani. Kijana amepoteza muhula, pengine mwaka mzima, na hadi leo hakuna aliyethibitisha ni nani aliyechukua drili.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini wazazi wengi watakitambua. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini mwanafunzi wa chuo cha ufundi anapolaumiwa kwa kosa, wajibu wake ni upi, msaada unapatikana wapi, na mzazi afanye nini akiona mtoto wake hakutendewa haki.

Vyuo hivi viko chini ya nani?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Siku hizi huitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi, ingawa wengi wetu bado tunaviita "politekniki". Hapo ndipo vijana wetu husomea uashi, useremala, ushonaji, umekanika, ufundi wa umeme, ususi, upishi na kazi nyinginezo za mikono. Hupokea hata vijana ambao hawakufika kidato cha nne.

Kusajili na kukagua vyuo ni kazi ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Mitihani hutolewa na taasisi za kitaifa kama vile NITA, KNEC na TVET CDACC, kutegemea kozi. Lakini wakufunzi wa vyuo hivi ni wafanyakazi wa kaunti, walioajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Mzazi anayepeleka malalamiko kuhusu mkufunzi kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, atakuwa amebisha mlango usio wake.

Wajibu wa mwanafunzi

Haki haziondoi wajibu. Chuo kina mamlaka ya kuweka kanuni na kuwaadhibu wanaozivunja. Kanuni nyingi zina sababu inayoonekana kwa macho. Mwanafunzi asiyevaa ovaroli, viatu vya kazi na miwani ya kinga anaweza kupoteza jicho au kidole. Anayeingia karakana akiwa amelewa anahatarisha maisha ya wenzake walio kwenye msumeno au mashine ya kuchomelea vyuma. Anayekosa masomo ya vitendo hukosa kazi ambazo mtahini atataka kuziona. Vifaa vya karakana vilinunuliwa kwa pesa za umma, na kikipotea kimoja, darasa zima huumia.

Kwa hiyo, siku ya kujiunga na chuo, omba nakala ya kanuni zilizoandikwa. Isome pamoja na mzazi wako kabla ya kutia sahihi. Chuo nacho kihakikishe kila mwanafunzi amezipata na kuzielewa. Ni vigumu kumwadhibu mtu kwa haki akiwa amevunja kanuni ambayo hakuwahi kuonyeshwa.

Hatua za kufuata kabla ya adhabu

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa, kwa haraka na kwa kufuata sheria na ofisi yoyote inayofanya uamuzi kumhusu. Sheria ya Haki katika Matendo ya Kiutawala ya mwaka 2015 inaeleza jinsi ya kutekeleza haki hiyo. Chuo cha kaunti ni taasisi ya umma, hivyo sheria hii inakihusu moja kwa moja. Kabla ya mwanafunzi kusimamishwa au kufukuzwa, hatua hizi zifuatwe:

1. Aarifiwe mapema anashtakiwa kosa gani na kwa sababu gani. "Wewe unajua ulichofanya" si taarifa. Barua itaje kosa, siku lilipotendeka na kanuni iliyovunjwa.

2. Aonyeshwe ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Kama kuna daftari la funguo za karakana, alione. Kama kuna shahidi, ajue anasema nini na apate nafasi ya kumuuliza maswali.

3. Asikilizwe. Aitwe mbele ya kamati ya nidhamu na aeleze upande wake. Akihitaji muda zaidi wa kujitayarisha, anaweza kuomba kikao kiahirishwe. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na mzazi au mlezi wake anafaa kuwepo.

4. Kamati isiegemee upande wowote. Mkufunzi anayemlaumu mwanafunzi atoe ushahidi wake, lakini asiwe pia miongoni mwa wanaoamua.

5. Apewe uamuzi na sababu zake kwa maandishi, na aelezwe anavyoweza kukata rufaa.

Zipo nyakati ambapo hatari ni kubwa, kwa mfano mwanafunzi ametishia wenzake kwa panga. Chuo kinaweza kumwondoa mara moja kwa ajili ya usalama. Hata hivyo, hiyo ni hatua ya muda tu. Kikao kinapaswa kufuata upesi, si mwezi ujao.

Wapo wanaohofia kuwa taratibu hizi zinamfunga mikono meneja wa chuo. Ukweli ni kwamba zinamlinda. Mwaka 1990, katika kesi ya wanafunzi dhidi ya Chuo Kikuu cha Egerton, Mahakama ya Rufaa ilieleza msimamo ambao bado unatajwa mahakamani hadi leo: mahakama hazina haja ya kuendesha vyuo, lakini zitaingilia kati pale inapodhihirika kuwa uamuzi ulifanywa bila kumsikiliza mhusika kwa haki. Adhabu iliyotolewa kwa utaratibu husimama, hata ikiwa kali. Iliyotolewa kwa hasira inaweza kutupiliwa mbali, hata kama mwanafunzi alikuwa na kosa.

Adhabu zisizoruhusiwa

Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza adhabu ya viboko, pamoja na adhabu yoyote ya kikatili au ya kudhalilisha. Hii inamhusu kila mtu, awe na miaka 15 au 25. Kumpiga mwanafunzi, kumwamuru apige magoti mbele ya darasa au kumnyoa nywele kwa nguvu si nidhamu.

Kuwatoza wanafunzi wote kwa sababu mmoja wao ameharibu kifaa pia si haki. Anayelipa ni yule aliyethibitishwa kuwa na kosa, naye apewe risiti. Malipo yoyote ya chuo yafanywe kupitia akaunti rasmi. Usimpe mtu pesa mkononi kwa ahadi ya kumaliza jambo kimyakimya.

Deni la karo nalo si kosa la nidhamu, na lisichanganywe nalo. Mzazi aliyekwama aandikie chuo barua akieleza atalipa kiasi gani na lini, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Hakuna kubaguliwa

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi kama vile jinsia, ujauzito, ndoa, hali ya afya, ulemavu, dini, kabila na mavazi. Maana yake ni kwamba msichana aliyepata mimba hafukuzwi kwa sababu hiyo. Yeye na mkufunzi wake wakubaliane ni kazi gani za karakana zinazofaa kusubiri, na lini atarudi akishajifungua. Msichana anayetaka kuwa mekanika hana budi kupokelewa sawa na mvulana anayetaka kuwa mshonaji.

Mwanafunzi mwenye ulemavu ana haki ya kufika kwenye vyumba vya masomo na kutumia vifaa vinavyomwezesha kusoma, na kifungu cha 54 kinataja pia lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu. Nayo sheria ya mwaka 2006 kuhusu kinga na udhibiti wa UKIMWI inakataza kumlazimisha mtu kupimwa VVU kama sharti la kupokelewa katika taasisi ya elimu.

Unyanyasaji wa kingono haumalizwi ofisini

Hili ni jambo ambalo kamati ya nidhamu ya chuo haina uwezo wa kulimaliza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kuwa mtu aliye katika mamlaka au ofisi ya umma anayemsumbua mtu mara kwa mara kwa maombi ya kimapenzi yasiyotakiwa anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Anayetumia vibaya nafasi ya kuaminiwa ili kulala na aliye chini ya uangalizi wake anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Alama za mtihani au nafasi ya mafunzo kazini si za kununuliwa kwa mwili.

Aliyebakwa au kunajisiwa aende hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia VVU. Asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa, maana hizo ni ushahidi. Kisha apige ripoti kwa polisi. Wazee wa kijiji, wazazi na wasimamizi wa chuo hawana ruhusa ya kukubaliana kuhusu fidia na kuzika kesi.

Msaada upo

Makosa mengi ya nidhamu huanza kama shida ambayo hakuna aliyeiuliza. Anayechelewa kila asubuhi huenda anatembea kilomita nane. Anayesinzia darasani huenda hajala tangu jana. Kwa sababu hiyo, kila chuo kinafaa kuwa na mkufunzi wa ushauri nasaha anayejulikana kwa wanafunzi wote, na ambaye hatangazi siri za wanaomwendea. Baraza la wanafunzi nalo linaweza kumpeleka mwenzao kwake kabla mambo hayajaharibika.

Nje ya chuo, namba hizi hupigwa bila malipo:

- 116: msaada kwa watoto na wanaotaka kuripoti dhuluma dhidi ya watoto.
- 1195: msaada kwa walioathiriwa na dhuluma za kijinsia.
- 1192: ushauri wa NACADA kuhusu pombe na dawa za kulevya.

Kuhusu basari, ulizia ofisi ya wadi yako tarehe ya kurudisha fomu mwanzoni mwa mwaka. Nenda na barua ya kujiunga na chuo, kitambulisho chako au cha mzazi, na taarifa ya karo kutoka chuoni.

Ukiona hukutendewa haki

Anza chuoni. Andika barua ya rufaa kwa meneja na kwa bodi ya usimamizi, ukieleza kilichotokea na unachoomba. Usisubiri. Kama muda wa kusajili mtihani unakaribia, liseme hilo katika mstari wa kwanza, na uombe jina lako lisajiliwe huku rufaa ikisikilizwa.

Usiporidhika, nenda kwa afisa wa mafunzo ya ufundi katika kaunti ndogo, kisha Idara ya Elimu makao makuu ya kaunti. Kwa aliye chini ya miaka 18, afisa wa watoto anaweza kusaidia. Ukinyimwa nakala za kumbukumbu za kikao, unaweza kuziomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Mahakama huja mwisho, na kwa kawaida itataka kujua kwanza kama ulikata rufaa chuoni.

Katika kila hatua, weka nakala na uandike tarehe. Bila karatasi, inabaki neno lako dhidi ya neno la ofisi.

Sasa turudi kwa ile drili. Utaratibu ungefuatwa hivi: meneja anaangalia daftari la funguo siku hiyo hiyo, anawapa wale watatu barua na kuwapigia wazazi simu, huku wanafunzi wakiendelea na masomo. Kikao kinafanywa ndani ya wiki hiyo. Kama mmoja aliiba, anaadhibiwa na sababu zinaandikwa. Kama drili iliazimwa na karakana jirani, inarudi. Kwa vyovyote vile, wasio na hatia wanakuwa kwenye orodha ya mtihani, na chuo kinajua drili yake ilienda wapi.