Kitanzi cha Laini: Namna ya Kujua Hitilafu ya Mtandao Iko Wapi

Kila mwalimu aliyefundisha katika maabara ya lugha anaifahamu hali hii. Kompyuta zinawaka, wanafunzi wamevaa visikizi, lakini mazoezi ya kusikiliza hayafunguki kwa kuwa mtandao umekatika. Fundi wa chuo anasema kosa ni la kampuni inayoleta intaneti. Kampuni inasema kosa ni la swichi ya chuo. Ubishi unaendelea na muda wa mtihani unapita. Makala haya yanaeleza njia ambayo mafundi huitumia kumaliza ubishi huo.

Kitanzi ni nini?

Laini ya mawasiliano ina njia mbili: ya kutuma na ya kupokea. Kuweka kitanzi ni kuziunganisha njia hizo mahali fulani ili ishara imrudie aliyeituma. Mfano wake ni mwangwi. Ukiita mbele ya mlima na sauti yako ikarudi, unajua kwamba njia kati yako na mlima haina kizuizi. Fundi huuweka "mlima" wake karibu, kisha huusogeza mbali hatua kwa hatua. Hitilafu huwa kati ya mahali pa mwisho ambapo ishara ilirudi na pale ilipopotea.

Hatua tatu

Kwanza, kompyuta yenyewe. Andika amri ping 127.0.0.1. Kwa anwani hiyo kompyuta hujisemesha yenyewe. Ikijibu, programu zake za mtandao zinafanya kazi. Hapa wengi hukosea: ishara hiyo haitoki nje ya kompyuta, kwa hiyo jibu halithibitishi lolote kuhusu kebo wala swichi.

Pili, swichi na kebo. Fundi hutumia plagi ndogo ya kitanzi. Katika mtandao wa etheneti wa megabiti 10 au 100 kwa sekunde, pini ya 1 huunganishwa na ya 3, na ya 2 na ya 6. Plagi ikichomekwa kwenye mlango wa swichi, kwa kawaida taa ya mlango huwaka, dalili kwamba mlango unatuma na kupokea. Kisha plagi huhamishiwa kwenye soketi ya ukutani, mwisho wa kebo. Taa isipowaka tena, ichunguzwe kebo.

Tatu, laini ya nje. Hapa ndipo penye kitanzi cha laini. Kifaa kilicho upande wa chuo huamriwa kurudisha kila kinachofika kutoka nje. Kampuni, ikiwa kituoni kwake, hutuma mfuatano wa biti unaojulikana na kuhesabu zilizorudi zikiwa na makosa. Laini za E1, zenye kasi ya megabiti 2.048 kwa sekunde, hupimwa hivyo. Kwa etheneti, utaratibu wake uliwekwa na kiwango cha IEEE 802.3ah cha mwaka 2004. Biti zikirudi salama, laini ni nzima na tatizo litafutwe ndani ya chuo. Zisiporudi, kampuni haina tena la kujitetea.

Tahadhari

Kitanzi cha laini kikiwapo, watumiaji hawapati huduma. Kikisahauliwa baada ya kipimo, dawa inageuka ugonjwa. Vilevile, ishara hurudishwa mlangoni mwa kifaa, kwa hiyo kipimo kizuri hakimaanishi kwamba swichi nzima haina kasoro. Tena, usichomeke ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa wote utazunguka bila kikomo na kuulemaza mtandao, isipokuwa swichi ina kinga ya kuzuia mizunguko.

Kuhusu istilahi

Tumetumia neno kitanzi badala ya mrejesho kwa sababu mrejesho limekwisha kuzoeleka kwa maana ya maoni anayorudishiwa mzungumzaji au mwandishi. Kitanzi linaonyesha umbo la kitu chenyewe: uzi uliorudi ulikoanzia.

Ndugu mwalimu, huhitaji kuwa fundi. Siku mtandao utakapokatika, na kila upande ukimsukumia mwenzake lawama, uliza swali moja tu: "Kitanzi kimewekwa wapi, na je, ishara imerudi?"