Mwea: Kabla ya bei ya mchele, uliza habari za mfereji

Mnunuzi mgeni akifika Mwea, Kenya, huuliza bei ya pishori. Mzoefu huanza kwa kuuliza habari za maji.

Skimu hiyo ya Kirinyaga, inayotegemea mito Thiba na Nyamindi, ilianza miaka ya 1950. Kwa miongo mingi serikali, kupitia bodi yake ya umwagiliaji, iligawa maji, ilinunua mpunga na kupanga bei. Mkulima alikuwa mpangaji tu.

Mwaka 1998 wakulima walichoka. Waligoma kuipelekea bodi mpunga, na ushirika wao ukashika usimamizi.

Uhuru wa kuuza ulipatikana. Lakini mifereji mikuu inataka mitambo, mafundi na fedha kila msimu. Matope yalijaa, na wenye mashamba ya mwisho wa mfereji wakakosa maji.

Mwaka 2003 bodi ilirudi, safari hii kwa kugawana kazi. Serikali hutunza mabanio na mifereji mikuu. Chama cha watumiaji maji husafisha mifereji midogo na kupanga zamu. Mkulima hulipa ada ya maji, na mpunga wake humuuzia amtakaye.

Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, limeongeza maji. Hata hivyo, maji ya bwawa hayapiti kwenye mfereji ulioziba.

Basi kabla ya kutanguliza fedha za mpunga, iwe Mwea au Mbarali nchini Tanzania, uliza: Mfereji umezibuliwa? Ada zinalipwa? Zamu inafuatwa? Majibu hayo hutangulia bei.