Ndinga Imevaa Kubwa, Mshale Umebaki na Hesabu za Zamani

Oya wana wa mwisho wa reli, katiza Mwanga jioni ujionee: ndinga zimenyanyuliwa, tairi zimevimba, rimu zinawaka. Unyama mtupu, na sababu tunayo. Kigoma tumekulia vumbi na matope mekundu, tairi ndogo huku ilikuwa mateso. Ila sasa lami ipo hadi Kasulu, spidi zimepanda, na masela wengi wakishafunga tairi kubwa wanausahau mshale wa spidi.

Mshale hauioni barabara, unahesabu mizunguko tu. Kiwandani ulipangiwa kwamba gurudumu likizunguka mara moja, gari imesogea umbali fulani. Ukivalisha tairi kubwa, kila mzunguko unaisogeza gari mbele zaidi, ila mshale unasoma kama zamani.

Tupige hesabu. Tairi ya 175/65R14 ina kimo cha kama milimita 583. Vua hiyo, funga 185/65R15, kimo kinafika 621. Tofauti inakaribia asilimia 7. Kama mshale ulikuwa unasema kweli, sasa ukigusa 80 uko 85, na kwenye kibao cha 50 unapita na 53. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako mwanangu, misimbazi mitatu inakutoka. Na barabara ya Ujiji ina maza wanaovuka na beseni za dagaa, ina madogo wanaotoka shule. Kila kilomita ya spidi inayozidi inarefusha umbali wa breki.

Kuna kitu kinachanganya watu hapa: gari nyingi zinatoka kiwandani mshale ukisoma juu kidogo ya spidi halisi, kwa hiyo wengine kosa linamezwa, wengine linabaki lote. Usikisie. Mpe mshikaji simu yenye GPS, wewe kamata usukani, tafuteni kipande kilichonyooka, tulia kwenye 60 bila kupanda wala kushuka, mlinganishe.

Ikigoma kulingana, mcheki fundi. Ndinga za kizamani zenye kebo zina gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi; kwa tairi kubwa inawekwa yenye meno machache zaidi. Zenye sensa zinafungwa kiboksi kinachosahihisha hesabu kabla haijafika kwenye dashibodi, na baadhi zinaingiziwa saizi mpya kwa kompyuta ya gereji. Kama yote hayo yanagoma, rudi kwenye tairi yenye kimo kinachokaribiana na cha mwanzo. Rimu inaweza kukua na ubavu wa tairi ukapungua, muonekano ukabaki mkali vilevile.

Wana wa boda, kwenu iko tofauti. Boxer na TVS nyingi za kitaani kebo inatoka gurudumu la mbele, kwa hiyo tairi ya nyuma ukiibadili peke yake mshale hauguswi. Gusa ya mbele ndipo ukague.

Kilomita nazo zinapotea kimyakimya. Kwa zile tairi za mfano wetu, unaposoma 5,000 za kumwaga oili, ardhini umeshakula zaidi ya 5,300, injini inateseka hujui. Na yule anayeshusha kilomita ili auze gari ni tapeli, msimchanganye na fundi anayesawazisha mshale useme kweli.

Kwa hiyo masela, mkitenga mkwanja wa tairi, tengeni na wa mshale, na vipimo vifanyike siku hiyohiyo kabla ndinga haijashika njia ya Kasulu.