Butembo na Beni: Mechi za Ulaya saa nne ya usiku, mjadala asubuhi kwenye parkingi

Siku ya Jumatano tarehe 29 mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, mechi 18 za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya zilianza kwa dakika moja. Timu zote 36 zilikuwa uwanjani. Kule Paris na Madrid ilikuwa saa tatu ya usiku, sawa na Kinshasa. Butembo na Beni ilikuwa tayari saa nne, kwa sababu saa ya mashariki mwa Congo iko mbele ya ile ya Kinshasa kwa saa moja. Siku mbili tu kabla ya hapo, waasi wa M23 walikuwa wameingia katika mji wa Goma.

Katika miji hii miwili ya Kivu ya Kaskazini, inayotenganishwa na kilometa zipatazo 54 za barabara, kupenda mpira wa Ulaya si jambo la kuchagua timu tu. Ni pia jambo la kujua mechi inaanza saa ngapi, inamalizika saa ngapi, na utarudi nyumbani kwa njia gani.

Saa ndiyo inaamua

Jumamosi hakuna tatizo. Mechi nyingi za Uingereza zinachezwa wakati huku kwetu ni saa kumi au saa kumi na moja ya jioni. Vyumba vinavyoonyesha mpira vinajaa, watoto wanasimama mlangoni, na kipenga cha mwisho kinalia wakati watu bado wako barabarani.

Katikati ya juma mambo yanabadilika. Ulaya inasogeza saa zake mara mbili kwa mwaka, Congo haisogezi. Kwa hiyo mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa zinaanza huku saa tatu ya usiku mnamo mwezi wa tisa, lakini tangu mwisho wa mwezi wa kumi hadi mwisho wa mwezi wa tatu zinaanza saa nne. Zinamalizika karibu saa sita ya usiku.

Saa sita ya usiku si saa ya kutembea. Tangu mwezi wa kumi mwaka wa 2014, wakaaji wa Beni na vijiji vya jirani wamezika watu wengi waliouawa na waasi wa ADF. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya uongozi wa kijeshi. Siku ya Noeli ya mwaka huo, bomu lililipuka katika mkahawa mmoja wa Beni uliokuwa umejaa watu wanaosherehekea. Kuna vipindi ambapo viongozi wamekataza watu na pikipiki kutembea usiku. Hata pale ambapo hakuna amri, mzazi hahitaji karatasi ya meya ili amzuie kijana wake kutoka.

Kwa hiyo mashabiki wanagawanyika. Kuna wenye televisheni na dekoda nyumbani, wakiomba umeme usikatike. Kuna wanaofika kwa jirani mapema na kulala huko huko kwenye kochi. Kuna wanaofuata kwa simu, wakihesabu mega zilizobaki. Wengine, ambao ni wengi, wanalala, na kupata habari asubuhi kwenye parkingi ya wamotari.

Aliyeona na aliyesikia

Asubuhi hiyo ndipo mechi inachezwa mara ya pili. Lakini ukisikiliza vizuri, utatambua kwamba mijadala ni miwili. Aliyefuata kwa simu anazungumzia pointi. Aliyeona mechi anazungumzia namna timu ilivyocheza. Simu inakuonyesha nani alifunga goli na dakika gani. Haikuonyeshi nani alikimbia bila mpira ili nafasi ipatikane.

Mfano mzuri ni Paris Saint-Germain ya msimu wa 2024-2025. Mwishoni mwa mwezi wa 11, timu hiyo ilikuwa na pointi 4 tu kwa mechi 5. Aliyesoma matokeo peke yake angesema Paris imekwisha tangu Mbappé alipokwenda Real Madrid. Aliyetazama aliona kitu kingine. Kocha Luis Enrique alimtoa Dembélé pembeni akamweka katikati, lakini si kama mshambuliaji wa kusimama mbele ya goli. Dembélé alirudi nyuma kuchukua mpira, beki aliyemfuata aliacha mlango wazi, na wenzake waliingia. Mpira ulipopotea, washambuliaji wenyewe ndio walikuwa wa kwanza kuukimbilia.

Tarehe 22 mwezi wa kwanza, Paris ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya Manchester City, ikashinda 4-2. Tarehe 31 mwezi wa tano mjini Munich, ilishinda Inter 5-0 katika fainali. Haijatokea tofauti kubwa zaidi ya magoli katika fainali ya kombe hilo.

Hapa jambo linawahusu hata wasiotazama Ulaya kwa kufurahi tu. Makocha wa timu za vijana wa Butembo na Beni wanajifunza kazi kwa macho. Yule ambaye saa ya mechi inamfungia ndani bila televisheni anakosa somo hilo, na wachezaji wake wanalikosa pamoja naye.

Wa kwanza akatoka, wa 15 akabeba kombe

Mjadala wa pointi nao una moto wake. Hadi mwaka wa 2024, hesabu ilikuwa rahisi: timu 32, makundi 8 ya timu nne nne, mechi 6, wawili wa kwanza wanaendelea. Sasa kuna timu 36 katika orodha moja. Kila timu inacheza mechi 8 na wapinzani 8 tofauti, 4 nyumbani na 4 ugenini. Nane za kwanza zinaingia moja kwa moja katika hatua ya 16. Zile za 9 hadi 24 zinapambana kwanza kati yao. Zile za 25 hadi 36 zinarudi nyumbani.

Katika msimu wa kwanza wa mfumo huo, Liverpool ilimaliza ya kwanza kwa pointi 21. Paris ilimaliza ya 15 kwa pointi 13. Zilipokutana katika hatua ya 16, kila moja ilishinda ugenini 1-0, na Paris ikapita kwa penalti 4-1.

Kuna wanaosema hiyo si haki: orodha ina maana gani ikiwa wa kwanza anatoka mapema na wa 15 anabeba kombe? Wengine wanajibu kwamba Paris haikupewa kitu. Ililazimika kucheza mechi mbili zaidi na Brest, ikashinda 3-0 na 7-0, na kufika mbele ya Liverpool ikiwa moto.

Mashabiki wa huku hawahitaji mwalimu kuhusu michuano ya kugawanywa na kukutanishwa tena. Linafoot, ligi yetu ya taifa, imechezwa misimu mingi kwa kanda, kisha timu bora zikakutana katika play-off. AS Nyuki ya Butembo imepitia njia hiyo. Tofauti iko katika sababu. Sisi tuligawanya ligi kwa kuwa kusafirisha timu kutoka upande mmoja wa inchi hadi mwingine kunaomba ndege na pesa. Ulaya ilibadilisha ili mechi ziongezeke, kutoka 125 hadi 189, na mapato nayo.

Jezi ambayo ni vigumu kuvaa

Tangu Goma ilipoanguka, kuna mjadala ambao hauhusu pointi wala makocha. Arsenal tangu 2018, Paris tangu 2019 na Bayern Munich tangu 2023 zimekuwa na mikataba ya kutangaza utalii wa Rwanda. Congo na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inaunga mkono M23, Rwanda inakanusha. Waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner aliandikia vilabu hivyo vitatu kuviomba viachane na mikataba hiyo. Mwezi wa nane 2025, Bayern ilibadilisha wake, ukabaki wa kukuza vijana. Congo nayo imesaini na Monaco, AC Milan na Barcelona. Shabiki wa Arsenal wa Butembo, mwenye ndugu waliokimbia Lubero, anaweza kuipenda timu na kuiacha jezi kabatini.

Fainali ya mapema

Msimu wa 2025-2026 ulileta mabadiliko mawili. La kwanza ni zawadi kwa wanaomaliza juu: wanne wa kwanza wana nafasi ya kucheza marudiano ya robo fainali nyumbani, na wawili wa kwanza hadi nusu fainali. Arsenal, iliyomaliza ya tatu, ilicheza marudiano ya nusu fainali ugenini, kwa timu iliyomaliza ya 15.

La pili ni la kufurahisha wengi huku kwetu. Fainali ya tarehe 30 mwezi wa tano 2026 mjini Budapest ilipangwa kuanza saa kumi na mbili ya jioni, si saa tatu ya usiku. UEFA inasema inafikiria familia, watoto na usafiri wa kurudi nyumbani. Siku hiyo saa ya Budapest na ya Beni ni moja. Bila dakika za nyongeza, kombe lilitarajiwa kuwa na mwenyewe karibu saa mbili ya usiku.

Kabla ya hapo, tarehe 28 mwezi wa kwanza 2026, mechi 18 zilianza tena kwa pamoja saa nne ya usiku. Na kesho yake asubuhi, kwenye parkingi, swali la kwanza ni lile lile: nani aliona?