Mbwa wa Asiyeona: Apite Wapi, Azuiwe Wapi?



Mwaka jana nilikwenda Uingereza kumtazama dada yangu. Maradhi ya sukari yamemla macho, sasa anaona kiwi tu. Mwanawe ni dereva wa teksi. Usiku mmoja, tunakula, kijana akatuhadithia kuwa amempita njiani abiria asiyeona kwa sababu alikuwa na mbwa. "Mjomba, nguo hizi ndizo ninazosalia," akaniambia.

Dada akaweka kijiko chini. "Na mimi mwanangu, wangeniacha njiani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi si shekhe wala mwanasheria. Nilikuwa karani, udogoni asubuhi nilisoma skuli ya misheni, jioni chuoni, na kote kuwili nilifundishwa kusoma kabla ya kusema. Basi nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mbwa huyu si wa kuchezea. Skuli ya mwanzo ya kuwafundisha ilifunguliwa Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza walianza mwaka 1931. Mbwa hufundishwa kusimama ukingoni mwa barabara, kukwepa nguzo na mashimo, kutobweka ovyo na kulala kimya chini ya kiti. Utamjua kwa mkanda wa mwilini wenye mpini mgumu anaoushika mwenyewe.

Pili, sheria. Huko Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimisha dereva wa teksi kumchukua abiria pamoja na mbwa wake wa msaada, bila ya kumtoza zaidi. Anayesamehewa ni dereva mwenye cheti kuwa afya yake hairuhusu, kama mwenye pumu. Dini haikuhesabiwa kuwa udhuru. Anayekataa huweza kushtakiwa na kutozwa faini hadi pauni 1,000, na leseni yake huingia mashakani.

Na huku kwetu Ghuba? Katika Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2016 inataka mbwa awe na leseni na afungwe kamba anapotolewa nje. Treni za metro za Dubai haziruhusu wanyama, isipokuwa mbwa wa kuwaongoza wasioona. Kwa hiyo hata huku tofauti baina ya mbwa wa kufugwa na mbwa wa kazi inajulikana.

Tatu, najisi, na hapa ndipo penye uzito. Sisi tuliosoma Kishafi tunajua kuwa mbwa ni najisi, na palipoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wao wanamwona tohara. Lakini hata kwetu, kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Maida, imehalalisha windo la mbwa aliyefundishwa. Najisi basi ni jambo la kuosha. Si sababu ya kumwacha mja wa Mungu barabarani. Mwaka 2008, mjini Leicester, baada ya wanazuoni kutoa fatwa, msikiti mmoja ulimtengea mbwa wa namna hii mahali nje ya ukumbi wa sala, ili mwenyewe asiyeona aingie kusali.

Kwa maoni yangu, mbwa wa kazi aruhusiwe teksi, hospitali, benki, dukani na uwanja wa ndege. Mbwa wa kufugwa tu asiingizwe penye chakula wala ufukweni wanapocheza watoto. Ukumbi wa sala abaki nje. Nyumba ya mtu ni yake, mgeni aombe ruhusa kabla hajafika.

Na sisi tuna adabu zetu za kushika. Usimguse mbwa aliye kazini, usimpe chakula, wala usimpigie makelele. Zungumza na mtu, si na mbwa. Kama unaogopa, sema kwa upole. Mwenyewe atamweka upande wa pili.

Mpwa wangu sasa ana shuka kuukuu ndani ya buti. Akipata abiria mwenye mbwa huitandika chini, kisha huipeleka kufuliwa, na kanzu ya kusalia huiweka mbali kwenye mfuko wake.

Dada yangu mbwa hamtaki. Anasema mkono wa mwanawe unamtosha. Lakini aliniambia siku ninaondoka: "Asiyekuwa na mtoto wa kumshika mkono, naye hospitali afike."