Bei ya Chini Iko kwenye Konteri

Nafuu ya bili ya umeme au maji kwa kaya zenye kipato kidogo hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza huangalia matumizi: anayetumia kidogo hulipa bei ndogo kwa kila uniti, awe maskini kweli au tajiri aliyefunga nyumba akasafiri. Ya pili humwangalia mtu mwenyewe: kaya hupeleka ushahidi kwamba haina uwezo, ikaandikwa kwenye orodha, na nafuu ikaifuata hapo. Burundi na karibu majirani zake wote wamejengea juu ya njia ya kwanza. Ndiyo maana mtu anayekwenda ofisini Gitega au Muyinga kuulizia fomu ya punguzo huweza kurudi mikono mitupu, ilhali nafuu ipo. Imo ndani ya konteri, yaani mita.

REGIDESO, shirika la serikali linalouza umeme na maji katika miji ya Burundi, hupanga bei ya majumbani kwa ngazi. Ngazi ya chini kabisa imewekwa kwa ajili ya kaya ndogo, na kila anayevuka kiwango chake huanza kulipa bei ya ngazi inayofuata. Mwenye konteri ya malipo ya kabla, ile ya kashpawa, hapati bili mwisho wa mwezi. Bei hukokotolewa pale pale anaponunua. Mtu mwenye noti ileile ya faranga hupata uniti nyingi mara ya kwanza na chache mara ya tatu, akadhani ameibiwa. Mara nyingi hakuna wizi, ni ngazi imepanda.

Ili kuelewa ngazi ni lazima kuijua uniti. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Taa ya wati 10 huweza kuwaka saa 100 kabla ya kuimaliza. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Nyumba yenye taa nne za aina hiyo zinazowaka saa tano kila usiku hutumia uniti 6 kwa mwezi, na redio na simu huongeza kidogo tu. Lakini resho ya umeme ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa kila siku hula uniti 15 peke yake. Bei ya chini, kwa hiyo, mara nyingi imekatwa kwa kipimo cha taa, redio na simu. Jiko halimo.

Rwanda ilionyesha jambo hili waziwazi katika bei zilizoanza Januari 2020: uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja kabla ya kodi, kutoka hapo hadi 50 zikawa 212, na zaidi ya 50 zikawa 249. Uganda nayo imekuwa ikitoa uniti 15 za kwanza kwa shilingi 250 kila moja. Katika mpango wa namna hii mwezi ukianza hesabu huanza upya. Anayenunua umeme wa miezi miwili kwa mkupuo mmoja huipoteza nafuu ya mwezi wa pili, kwa sababu uniti zake zote zimehesabiwa katika mwezi mmoja. Kununua kidogo kila mwezi kuna faida hapa, tofauti na sukari au mchele ambako anayenunua gunia ndiye anayepunguziwa.

Kenya na Tanzania zimekwenda mbali zaidi: huko mteja mwenyewe huwekwa kwenye kundi. Nchini Kenya wastani wa matumizi ya miezi mitatu ndio unaoamua kundi, na mteja hahitaji kuomba. Kikomo cha kundi la chini kilikuwa uniti 100 tangu Novemba 2018. Aprili 2023 kikashushwa hadi 30. Aliyekuwa akitumia uniti 60 akajikuta kwenye bei ya juu bila ya kuongeza hata balbu moja.

Tanzania ndiko kunakofaa kutazamwa kwa makini, maana huko maombi yapo. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, kaya ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi huingia kundi la D1 na kulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika 122. Kundi la kawaida, T1, hulipa 292, yaani zaidi ya 356 baada ya kodi na tozo. Kwa uniti 75 tofauti ni kati ya shilingi 9,150 na 26,700 hivi. Mteja aliye T1 anayejijua kuwa mtumiaji mdogo hufika ofisi ya eneo lake ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, na namba ya mita, akaomba kuhamishwa. Ofisi hutazama rekodi za manunuzi yake ya miezi iliyopita. Kinachokaguliwa ni rekodi hizo. Kilio cha mwombaji na sura ya nyumba yake havina uzito, kwa hiyo anayetaka kuomba hujiandaa mapema kwa kuyashusha matumizi na kuyaweka chini mfululizo.

Kasoro kubwa ya mfumo huu iko kwenye nyumba za kupanga. Wapangaji wanne waliojazana kwenye ua mmoja, kila mmoja akitumia uniti 30, kwa mita ni mteja mmoja mwenye uniti 120. Kwa bei za Tanzania hizo ni shilingi 42,700 na ushei, au 10,700 hivi kwa kila chumba. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika D1 angelipa 3,660. Wenye kipato kidogo kabisa ndio wanaochangia mita, na kwa kuchangia huko hupandishwa ngazi ya wenye friji na feni. Hili huwapata vilevile wapangaji wa mitaa ya Waswahili ya Gitega na Muyinga, kwa kuwa ngazi za bei hazihesabu vichwa. Kwa familia ya namna hiyo ombi lenye maana zaidi ni la konteri yake, ambalo huhitaji kitambulisho, idhini ya mwenye nyumba na ada ya kuunganishwa. Ada ndiyo kikwazo: hulipwa yote leo, na nafuu hurudi kidogo kidogo kwa miaka.

Nje ya ua huo wako wengi zaidi ambao hawana waya wowote. Burundi ina umeme kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi, na ukitoka mjini Gitega kuelekea vilima vya Buraza taa ya sola na torochi ndizo zinazoangaza. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba ruzuku ya bei kwa uniti huwafikia zaidi wasio maskini katika nchi nyingi, kwa sababu hii hii: asiyeunganishwa hana bei ya kupunguziwa. Kituo cha jua cha Mubuga karibu na Gitega, chenye megawati 7.5, kilichoanza 2021, na maporomoko ya Rusumo yanayogawanwa na Rwanda na Tanzania, vimeongeza umeme kwenye gridi. Hata hivyo umeme kupita juu ya kilima si sawa na kuingia nyumbani. Maji nayo yana mkasa wake: anayenunua kwa bidoni mara nyingi hulipa zaidi kwa lita kuliko mwenye robine ndani, ingawa yeye ndiye anayeyabana zaidi.

Njia ya pili, ya orodha, haiko mbali na Burundi. Komine hutoa cheti cha asiyejiweza, ambacho wengi wanakijua kwa sababu ya hospitali, na safari yake huanzia kwa nyumbakumi na kiongozi wa mtaa wanaomfahamu mwombaji. Mpango wa Merankabandi, jina la Kirundi lenye maana ya "uwe kama wengine", ulianza kugawa fedha kwa kaya maskini katika mikoa minne, Gitega ikiwemo. Orodha za namna hiyo ndizo ambazo Afrika Kusini imezitumia kwa umeme: tangu 2003 kaya iliyoandikishwa na manispaa kuwa maskini hupewa uniti 50 za bure kwa mwezi, na asiyezichukua mwezi huo kwa kawaida hazimsubiri.

Warundi walioko Ubelgiji hukutana na bei ya kijamii ya umeme na gesi, ambayo huwafikia yenyewe wanaopokea msaada wa ofisi ya ustawi ya manispaa, CPAS, ilimradi mkataba uwe kwa jina la mtu anayeishi anwani ileile. Mkataba ukiwa wa mwenye nyumba, mfumo hauoni kitu, na konteri ya ua wa Gitega imerudi kwa sura nyingine. Nchini Marekani, LIHEAP, mpango wa msaada wa bili za nishati ulioanza 1981, huombwa kwa fomu, bili, vitambulisho na ushahidi wa kipato cha kila mtu mzima ndani ya nyumba. Fedha zake ni fungu la mwaka, na huisha. Maombi ya msimu wa baridi hufunguliwa mapema katika majimbo mengi, na anayengoja theluji ianguke ndipo atafute karatasi zake huweza kukuta fungu limekwisha.